Bei Tusiyoiona Kwenye Pampu

Wiki iliyopita nilikuwa nawapeleka watoto shule hapa Minneapolis, gari likaingia shimoni. Tairi likapasuka, rimu ikapinda. Pesa niliyokuwa nimemtengea mama ya dawa ikaishia kwa fundi.

Sisi tunaoishi Marekani petroli ikipanda senti kumi tu tunalalamika. Lakini kodi ya serikali kuu inayosaidia kutengeneza barabara ni senti 18.4 kwa galoni tangu mwaka 1993. Haijaongezwa hata senti moja, ilhali lami na saruji zimepanda bei, na magari ya siku hizi hunywa mafuta kidogo. Nchi ina madaraja zaidi ya 600,000. Zaidi ya 40,000 yana hali mbaya. Hapa kwetu daraja lilianguka Agosti 1, 2007, watu 13 wakafa.

Senti tusiyolipa kwenye pampu tunailipa kwa fundi. Kwa hiyo kila nikijaza mafuta, naweka dola tano pembeni. Shimo halipigi hodi, na dawa ya mama haisubiri.