Betri inayokufa kabla ya kahawa kuiva

Mkulima wa Kimuli, wilayani Kyerwa, hupata fedha za maana mara moja kwa mwaka, pale chama cha msingi kinapomlipa kahawa yake. Hapo ndipo hununua bati, hulipa ada na, kama nyumba yake iko ndani ya migomba mbali na nguzo za umeme, hununua betri ya taa. Tatizo ni kwamba betri hiyo mara nyingi hufa kabla kahawa nyingine haijaiva. Familia inarudi kwenye kibatari, au baba anatafuta fedha kwa butura, yaani kuuza kahawa ikiwa bado mtini, biashara ambayo imepigwa marufuku lakini haijaisha.

Mafundi si wa kulaumiwa. Karagwe ilianza kufundisha mafundi wa umeme wa jua tangu miaka ya 1990 kupitia KARADEA, na vijana wa leo wanaunganisha taa za LED kwa kutumia vipande vya tochi mbovu bila kufundishwa na mtu. Kinachotuponza ni kununua kwa kutazama bei ya siku hiyo.

Tuchukue betri. Taa ya wati 3 ikiwaka saa nne kila usiku hutumia ampea-saa 1 tu kwenye betri ya volti 12. Taa mbili ni ampea-saa 2, na ukiweka akiba ya siku moja ya mawingu unapata 4. Kwa kuwa betri ya asidi haipaswi kushushwa chini ya nusu, ya ampea-saa 10 inatosha. Kwa nini basi mtu anunue betri ya gari ya 50, tena iliyokwisha tumika? Betri ya gari imetengenezwa kuwasha injini kwa sekunde chache. Ukiimaliza kila usiku, sahani zake nyembamba huharibika upesi.

Ile ya lithiamu-chuma-fosfeti huvumilia kushushwa na kujazwa zaidi ya mara 2,000, ambayo ni zaidi ya miaka mitano ya usiku mmoja mmoja. Ya asidi huhesabu mamia. Tuseme, kwa mfano tu, ya asidi ni shilingi 60,000 na unaibadilisha kila mwaka, na ya lithiamu ni 150,000. Kwa miaka mitano ya kwanza imekugharimu 300,000. Mkulima anaijua hesabu hii vizuri kuliko tunavyodhani. Ila mfukoni ana 60,000, hana 150,000.

Draiva ndiyo inayodharauliwa kuliko vyote. Wengi hufunga LED tatu za wati 1 mfululizo na kuweka rezista ya omu 10. LED hizo huhitaji takriban volti 9.6. Betri ikishuka hadi volti 11, unapita mkondo wa ampea 0.14 hivi na taa inafifia. Sola inapochaji na volti kufika 14.4, mkondo unapanda hadi karibu 0.48, wakati LED hizo kwa kawaida huhimili 0.35. Kisha tunasema LED za siku hizi ni feki! Draiva hushikilia mkondo mmoja, betri ikiwa imejaa au imechoka. Ila ile ya kushusha volti huhitaji betri iwe juu ya LED kwa volti moja au mbili, kwa hiyo funga mbili mfululizo badala ya tatu.

Kwenye nyaya sina mengi. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 unatosha nyumba ya kawaida. Ule mwembamba wa spika hula volti njiani. Fyuzi ikae karibu kabisa na ncha chanya ya betri, hasa kama magunia ya kahawa yamelala chumba hicho hicho.

Kinachobaki ni mtaji. Vyama vya msingi vilivyo chini ya KDCU tayari vinajua kila mwanachama huleta kilo ngapi, na VICOBA vinakopesha hata fedha za msiba. Chama kingeweza kununua betri za lithiamu kwa jumla, kila moja ikiwa na bodi ya ulinzi na kidhibiti chaji cha aina yake, kisha kikakata deni kwenye malipo ya kahawa kwa misimu miwili. Mkutano mkuu ujao wa wanachama unaweza kulijadili hilo kabla ya mengineyo.