Kazi ya Msahihishaji

Wako watu wadhanio ya kuwa kusahihisha chapa ni kazi ndogo, ya kumfaa mtu aliyekosa nyingine. Mimi sioni hivyo. Msahihishaji ndiye asomaye karatasi za kwanza za kitabu, kabla hakijapigwa chapa chote, apate kuondoa makosa. Baba akiandikiwa, "Mwanao amekufaa," na herufi moja ikaanguka, atasoma, "Mwanao amekufa," na nyumbani kutakuwa na kilio cha bure.

Mwaka 1631, huko London, Biblia ilipigwa chapa, na neno moja dogo likaachwa katika amri ikatazayo uzinzi. Amri ikawa kana kwamba inauagiza. Wapiga chapa, Robert Barker na Martin Lucas, wakatozwa pauni 300. Kwetu hasara kama hiyo yataka silabi moja tu: ondoa "si" katika "usiibe", itabaki "uibe".

Nami ninalo kosa langu. Zamani nilipewa kusahihisha kitabu kidogo cha hesabu. Maneno niliyasoma kwa bidii, tarakimu nikazipitia mbio. Baadaye, darasani, mtoto mmoja alizidisha 16 kwa 35 akapata 560. Majibu ya kitabu yalisema 650, nikamwandikia kosa. Akaniambia, "Mwalimu, nimehesabu mara tatu." Nilipohesabu mwenyewe, niliona ya kuwa yeye alipata, na aliyekosa ni mimi.

Basi, mtu atakaye kazi hii na aanze na daftari lake mwenyewe. Asome polepole, akiufunika kwa karatasi mstari wa chini, ili jicho lisitangulie. Mwenzake amsomee kwa sauti maandiko ya mwandishi, naye afuatize katika chapa. Kisha arudie tarakimu na majina peke yake. Tena asibadili maneno ya mwandishi kwa kupenda kwake. Akiona shaka, aulize. Siku hizi kompyuta huonyesha neno lililoharibika; walakini "amekufa" ni neno zima, nayo huliacha lipite. Hapo hufaa jicho la mtu aelewaye habari.

Msomaji hatalijua jina lako, wala hatakushukuru. Lakini atakiamini kitabu, kama nilivyokiamini mimi kuliko mtoto aliyesema kweli. Kwa sababu hiyo nasema, kazi hii si ndogo.