Damu Isiwe ya Kuombwa Kwenye WhatsApp Kila Mwezi



Hii meseji unaijua. "Damu inahitajika haraka, mtoto amelazwa, tafadhali sambaza." Inaingia kwenye kundi la mtaa saa nne za usiku, wewe unaisambaza kwa makundi mengine matatu, unaandika "Allah amponye", halafu unalala. Hujafanya vibaya. Lakini hebu kumbuka: si mtoto huyu huyu aliyetafutiwa damu miezi michache iliyopita? Na kabla yake, si alikuwa kakake?

Meseji ikirudi namna hiyo kwa nyumba moja, mara nyingi nyuma yake kuna selimundu, siko seli kama wengi tunavyouita. Si kurogwa, si jini, na wala haushikani kwa kula pamoja. Ni ugonjwa wa kurithi. Chembe nyekundu za damu, ambazo kawaida ni mviringo na laini, zinajipinda kama mundu, zinakwama kwenye mishipa, zinavunjika mapema. Ndipo mtoto mchanga anavimba vidole vya mikono na miguu, macho yanakuwa ya manjano, damu inapungua, na yale maumivu ya mifupa ambayo mtu mzima akiyapata analia.

Sasa tuambiane ukweli kuhusu mamake. Nyumba ngapi tunazijua ambapo mtoto akianza kuugua, shangazi wanasema "kwetu ugonjwa huu haupo, huyu mwanamke ametuletea"? Wengine wameachwa kwa sababu hiyo. Mtoto hapati selimundu kwa mama peke yake. Lazima apokee upande mmoja kutoka kwa mama na upande wa pili kutoka kwa baba. Wazazi wote wawili wanaweza kuwa AS, yaani wamebeba na hawaumwi, wanacheza mpira, wanafunga, wanafanya kazi bandarini bila shida. Wakioana, kila mimba ina asilimia 25 ya kuwa SS, asilimia 50 ya kuwa AS kama wao, na asilimia 25 ya kuwa salama kabisa. Kila mimba ni hesabu mpya; kupata mtoto mmoja mgonjwa hakumaanishi kwamba watatu wanaofuata watakuwa wazima. Kwa hivyo baba anayemfukuza mke kwa ajili ya siko seli anajifukuza na yeye mwenyewe.

Na kwetu ugonjwa huu upo, sana. Daktari Anthony Allison, aliyekulia hapa Kenya, alizunguka nchi hii mwaka 1949 akipima damu za watu, akaona kwamba wanaobeba AS wako wengi mahali penye malaria nyingi, Pwani na kando ya Ziwa, na wachache sehemu za nyanda za juu. Mwaka 1954 akaandika sababu: kubeba AS kunamkinga mtu na malaria kali. Mbu wetu ndiye aliyetuachia urithi huu.

Nimeitaja historia hiyo kwa sababu kuna jambo linaniuma. Watoto wa Kilifi walikuwa kati ya waliofanyiwa utafiti wa dawa iitwayo haidroksiyurea, pamoja na watoto wa Angola, Kongo na Uganda. Matokeo yalitoka mwisho wa 2018: waliotumia dawa walipata maumivu machache, malaria kidogo, waliongezewa damu mara chache, na vifo vilipungua. Dawa hiyo imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Yaani dunia ilijifunza kupitia mishipa ya watoto wetu. Halafu mzazi wa Pwani anafika dirishani anaambiwa "imeisha, kanunue nje", na huko nje ni ya kumeza kila siku, mwezi hadi mwezi, kwa mshahara wa kibarua. Akikosa, mtoto anarudi wodini, na wewe unapata meseji saa nne za usiku.

Msaada wa kwanza, tusidanganyane, hautoki Nairobi. Unatoka kwa jirani anayejua kwamba huyu mtoto anahitaji maji mengi, asilowe mvua, alale ndani ya neti, na homa yake si ya kungojea kesho. Unatoka kwa mwalimu wa madrasa asiyemchapa mtoto wa SS kwa kukosa masomo wiki mbili, na asiyemuita mvivu akiomba kwenda chooni au kunywa maji. Unatoka kwa barobaro anayemwambia mwenzake wakati wa Ramadhani "wewe muulize daktari wako kwanza", badala ya kumcheka. Kukauka maji mwilini kunaweza kumuamshia maumivu makali, na ruhusa ya mgonjwa kula haikutungwa na sisi. Na hatukatai kombe wala kusomewa. Soma, omba, lakini kliniki usiikose. Penisilini ya watoto wadogo, vidonge vya foliki na kinga ya malaria havigombani na dua.

Kina mama wenye watoto hawa wakikutana, hata wakiwa watano chini ya mwembe baada ya kliniki, mambo hubadilika. Mmoja anajua duka lenye dawa rahisi, mwingine anajua muuguzi anayesikiliza. Na watano wakienda ofisi ya kaunti hawapokelewi kama mmoja aliyeenda akilia.

Hapo ndipo serikali inaingia. Hospitali za kaunti ni jukumu la kaunti, hivyo dawa kuwepo au kutokuwepo dirishani ni suala la bajeti. Kila Juni 19, siku ya selimundu duniani, tunavaa fulana nyekundu, kiongozi anahutubia, tunapiga picha. Angalia kalenda lakini! Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa kaunti unapelekwa bungeni kufikia Septemba 1, mkakati wa fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Juni 19 makadirio yameshakaa mezani karibu miezi miwili. Tunapiga makofi wakati pesa zimeshagawanywa. Yale matangazo ya mikutano ya maoni ya umma yanayobandikwa ofisi ya wadi, ambayo wewe unayapita, ndiyo mahali pa kusimama na kusema: tunataka haidroksiyurea iwe na fungu lake, tunataka watoto wachanga wapimwe, tunataka siku ya kliniki iliyo wazi. Sema kwa maandishi, uache nakala kwa MCA. Katiba, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya, na inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 imefanya kumnyima mtu matibabu hayo kuwa kosa. Mtoto wa SS anayehema kwa kukosa damu ni dharura, hata kama mamake hana shilingi.

Kuhusu SHA, ambayo ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024: kusajiliwa kwa *147# peke yake hakutoshi kulazwa. Wasio na mshahara hulipa mchango wa mwaka mzima, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Wengi hushtuka hapo, wanagundua mtoto akiwa tayari kitandani. Kama kuna nyumba mtaani kwenu yenye mgonjwa wa siko seli, harambee ya kwanza iwe hiyo ya mchango wao wa SHA, kabla ya ugonjwa kushika. Ni pesa ambayo vijana kumi wa kijiwe kimoja wanaweza kuitoa.

Nusura nisahau wavulana wa hemofilia, ambao damu yao haigandi. Mara nyingi huo hupitia kwa mama na kuwashika watoto wa kiume, na kwetu Waislamu unaweza kujitokeza mara ya kwanza siku ya tohara. Kama wajomba wa mtoto wana historia ya kutokwa damu bila kukoma, mtoto apimwe kabla ya wembe, na atahiriwe hospitali.

Na wewe ambaye hujaoa? Kapime. Saudia imelazimisha vipimo vya selimundu na thalasemia kabla ya ndoa tangu 2004, na majibu hayamzuii mtu kuoa. Wawili wanaamua wakijua. Kwetu, ambapo kuoana mabinamu ni jambo la kawaida, kujua ni muhimu zaidi, maana wa ukoo mmoja huweza kubeba urithi mmoja. Waambie wazazi mapema, kabla kadi hazijachapishwa.

Tumalizie na damu yenyewe. Benki zetu za damu zinategemea sana wanafunzi wa sekondari, ndiyo maana shule zikifungwa uhaba unazidi. Wewe una miaka kati ya 16 na 65, una kilo 50 na zaidi, mzima wa afya: mwanamume anaweza kutoa kila miezi mitatu, mwanamke kila miezi minne. Damu yenyewe haiuzwi, na anayekudai pesa ya painti ni wa kuripotiwa. Ongeeni na imamu, mtenge Ijumaa moja ya likizo ya Agosti na moja ya Desemba, gari la kituo cha damu lije msikitini baada ya swala. Kituo cha kanda kiko Mombasa. Waandikieni barua sasa hivi, si wiki ya mwisho.

Ile meseji ya leo usiku, kabla hujaisambaza, mpigie aliyeituma. Muulize mtoto yuko wodi gani, SHA yao imelipwa ama bado, na kundi lake la damu ni lipi.