Kadi ya matibabu: nani astahiki?

Suala la nani atibiwe bila malipo na nani alipie limezitikisa serikali nyingi. Ijumaa hii tumeona tulitazame kupitia nchi ya Ireland, kwani huko wananchi wamelijadili kwa uchungu na kwa muda mrefu.

Tangu mwaka 1851 fukara wa nchi hiyo walitibiwa kwa tikiti katika zahanati za umma, mbali na wagonjwa wenye fedha. Mwaka 1972 utaratibu huo uliondoka, na mwenye kadi ya matibabu akaruhusiwa kujichagulia daktari. Maskini akaketi kiti kimoja na tajiri akingoja zamu, wala hapana aliyejua nani kalipa. Sisi tunaihesabu heshima hiyo kuwa sehemu ya tiba yenyewe.

Kadi ilitolewa kwa kupima kipato. Julai 2001 serikali ikaamua kila aliyetimiza miaka 70 aipate, awe fukara au tajiri. Kisha uchumi ukaporomoka, na tarehe 14 Oktoba 2008 Waziri wa Fedha, Brian Lenihan, akatangaza kuiondoa haki hiyo. Wiki moja baadaye maelfu ya wazee, baadhi yao wakiegemea fimbo, walisimama mbele ya bunge mjini Dublin. Serikali ikarudi nyuma: kikomo kikawekwa yuro 700 kwa wiki kwa mtu mmoja na 1,400 kwa mume na mke.

Wapo waliosema, na hoja yao si nyepesi, kwamba si insafu jaji mstaafu apewe kadi ilhali kijana mwenye watoto wanne anakosa kwa kuwa mshahara wake umevuka kikomo kidogo tu. Insafu inataka tuikiri hoja hiyo. Lakini dawa yake, kwa maoni yetu, ni kumtoza tajiri kodi stahiki. Kumsimamisha kila mzee mbele ya karani aeleze akiba yake ni kuwaadhibu wengi kwa sababu ya wachache. (Ajabu ni kwamba madaktari walikuwa wakilipwa zaidi mno kwa mzee mwenye uwezo kuliko kwa mzee fukara; huko ndiko hazina ilikovuja.)

Tena fomu ina maradhi yake. Zamani maombi yaliamuliwa na maofisa wa wilayani, waliozijua familia na kuweza kutumia busara pale ugonjwa ulipokuwa mzito ingawa kipato kilizidi. Mwaka 2011 kazi yote ikakusanywa katika ofisi moja mjini Dublin. Karatasi ikabaki na tarakimu, mtoto mgonjwa asionekane. Kadi za watoto wenye maradhi ya kudumu zikaanza kufutwa, mama zao wakajieleza upya redioni na bungeni, na katika uchaguzi wa mitaa wa Mei 2014 vyama tawala vikapata pigo. Mwezi uliofuata serikali ikaamua kurudisha kadi zipatazo 15,000. Tunajiuliza: ikiwa zilistahiki kurudishwa, zilifutwa kwa kipimo gani?

Tangu Agosti 2015 mzee wa miaka 70 nchini humo humwona daktari wake bila malipo, wala haulizwi kipato. Dawa zake bado zinategemea fomu.