Kompyuta ni Ala, Kijana ni Fundi

Wako watu miongoni mwetu ambao, wakimwona kijana wa Tandika au Manzese ameinama juu ya kompyuta huku spika zikinguruma, husema: "Huyo hapigi muziki, anabonyeza tu." Sisi hatukubaliani nao. Twasema waziwazi kwamba kompyuta ni ala kama zilivyo ngoma na zeze, na anayeipiga vizuri ni fundi anayestahili heshima na ujira wa fundi.

Jambo hili si geni katika Dar es Salaam. Katika miaka ya 1990 vijana wa mitaa ya Kinondoni na Temeke walichukua kinanda kidogo cha Casio, ambacho kwingineko kilikuwa kichezeo cha watoto, wakakichanganya na mapigo ya ngoma za Kizaramo, wakapata mchiriku. Wakaitwa wahuni. Baadaye ikaja singeli, ambayo kasi yake hupita mapigo 200 kwa dakika, na mara nyingine hukaribia 300. Mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyo uitwao Sounds of Sisso, wenye kazi za studio ya Sisso ya Mburahati, na tangu hapo mafundi wa singeli wamealikwa kupiga hata Ulaya. Tulichokidharau uani, wageni wamekilipia kiingilio.

Sasa iko njia nyingine ya kuipiga kompyuta, nayo yafaa vijana wetu waijue. Ni kupiga muziki kwa kuandika. Mwaka 2004 mafundi wa njia hii walikutana Hamburg, Ujerumani, wakaunda umoja wao, TOPLAP. Fundi wa namna hii haji ukumbini kufungulia wimbo uliokwisha tengenezwa. Huandika amri mbele ya watu: piga sauti namba 60, ngoja nusu pigo, piga namba 64, rudia. Kompyuta hutii. Akitaka kuongeza kasi, hubadili namba moja tu, na muziki hausimami. Maandishi hayo humulikwa ukutani ili kila aliyepo ayaone.

Kwa nini mambo haya yamhusu mfanyakazi wa Temeke? Kwanza, kwa sababu ya gharama. Programu nyingi za kutengenezea muziki huuzwa kwa fedha za kigeni. Lakini Sonic Pi, iliyoanzishwa na Sam Aaron huko Cambridge, Uingereza, mwaka 2012, hutolewa bure, na iliundwa ili ifanye kazi hata katika kompyuta ndogo ya bei nafuu. Pili, kwa sababu siri ya kazi iko wazi. Mwanagenzi husoma alichoandika fundi wake, akaiga, akarekebisha. Tatu, aliyejifunza kuamuru kompyuta kwa ajili ya ngoma amekwisha anza kujifunza kuiamuru kwa kazi nyingine. Anayetumia chombo asichokijua undani wake ni mpangaji. Anayejua kukiandikia amri ni mwenye nyumba.

Watakuwapo watakaosema kwamba amri hizo ni za Kiingereza. Ni kweli. Lakini amri za kuanzia hazizidi vidole vya mikono miwili, na mafundi wetu wa magari walijifunza giaboksi na kabureta bila ya kungoja kuwa Waingereza. Wengine watahofu kwamba singeli itaharibika. Singeli haikuharibika kwa kuachana na Casio. Pigo hutoka kwa mpigaji. Ala hulibeba tu.

Basi yatupasa kutenda. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na katika hiyo asilimia 4 ni ya vijana. Kikundi cha vijana kinachoomba kompyuta na spika kisirudishwe mlangoni huku cha wafuga kuku kikikaribishwa. Vyote viwili ni vya wazalishaji mali. Shule zenye kompyuta nazo ziifikirie jioni, wakati vyumba vimefungwa na vijana wamekaa vijiweni.

Na ninyi vijana, mnao wajibu wenu. Sajilini kazi zenu katika Ofisi ya Hakimiliki kabla hamjazigawa mitaani. Punguzeni sauti usiku, maana jirani yenu ana zamu ya alfajiri kiwandani. Zaidi ya yote, fundishaneni. Fundi afichaye ujuzi wake huzikwa nao.

Kinondoni na Temeke zimekwisha ionyesha dunia kwamba zinaweza kuipiga kompyuta. Zipewe sasa nafasi ya kuiandikia.