Mzio mkali au maambukizi? Swali la kwanza ni "ilianza lini?"

Mvua zikishika, safari ya kumshusha mgonjwa kutoka Sigi hadi Muheza huwa ndefu. Kwa hiyo anayempokea kwanza, awe muuguzi wa zahanati au muuza dawa, hana nafasi ya kubahatisha. Mzio mkali na maambukizi mazito vyote hushusha presha na kumlegeza mgonjwa, lakini tiba zake ni tofauti.

Mzio mkali huja haraka, kwa kawaida ndani ya dakika chache hadi saa mbili baada ya kuumwa na nyuki, kuchomwa sindano, kumeza dawa au kula chakula fulani. Ngozi huvimba na kuwasha, midomo na ulimi hujaa, pumzi hubana. Tiba ya kwanza ni sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja. Vidonge vya mzio peke yake havitoshi.

Maambukizi yaliyosambaa mwilini mara nyingi huchukua saa nyingi au siku: homa, kutetemeka, kupumua haraka, kuchanganyikiwa. Huyu anahitaji antibiotiki na dripu mapema. Tukumbuke kwamba wazee na watoto wachanga wanaweza kuwa wa baridi badala ya kuchemka.

Kinachotatiza zaidi ni mzio wa dawa unaojifanya maambukizi. Huanza siku au wiki kadhaa baada ya kuanza dawa, kwa homa, macho mekundu na vidonda mdomoni, kisha ngozi hubabuka. Dawa za salfa, kama Septrin na SP, ni miongoni mwa zinazousababisha. Mgonjwa akidhaniwa ana surua na kuendelea na dawa ileile, anaweza kufa.

Mazoea ya kuipa kila homa jina moja tunayajua. Utafiti wa hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2004, ulionyesha kuwa chini ya nusu ya waliolazwa na kutibiwa malaria kali walikuwa na vimelea vyake.

Kwa maoni yetu, mambo matatu yanawezekana hata milimani. Zahanati inayochoma sindano iwe na adrenalini karibu. Ndugu wa mgonjwa waende na pakiti za dawa zote alizotumia. Na madhara ya dawa yaripotiwe Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ili mwingine asiumizwe na dawa hiyohiyo bila taarifa.