MASHAURI YA JAMAA: Hizi wiki mbili ni za nani?



Mwezi huu tuongee juu ya jambo linaloleta vita katika nyumba za wachimbaji. Tuseme bwana alikuwa kwa machimbo upande wa Banalia ao Bafwasende miezi mitatu. Anarudi nyumbani tarehe 1 Juni. Tarehe 13 Julai bibi yake anafanya ekografi, na karatasi inasema: mimba ya wiki 8. Bwana anahesabu kwa vidole: "Mimi niko hapa wiki 6 tu. Hizi 2 ni za nani?" Kelele inaanza, na mama anarudishwa kwao.

Ndugu mchimbaji, ngoja kwanza. Waganga hawaanzi kuhesabu kwa siku mliyolala pamoja. Wanaanza kwa siku ya kwanza mama alipoona mwezi mara ya mwisho. Mimba yenyewe inaingia karibu wiki 2 nyuma ya siku ile. Kama mama huyu aliona mwezi tarehe 18 Mei, mpaka 13 Julai ni siku 56, ndizo wiki 8. Hesabu inapatana kabisa na kurudi kwako. Karatasi inaonyesha umri wa mimba tu; haiandiki jina la baba.

Masini ile inatuma sauti ambayo sikio halisikii. Inagonga mtoto na kurudi, ndipo picha inaonekana. Haitumii mionzi kama radio ya kifua. Munganga anapima urefu wa mtoto na kujua wiki zake. Mbele ya wiki 14 kipimo kinaweza kukosea siku 5 mpaka 7. Karibu na kuzaa kinaweza kukosea wiki 3 ao zaidi, kwani watoto hawakui sawasawa. Basi usivunje ndoa juu ya ekografi ya mwezi wa nane!

Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani (OMS) linashauri kila mama afanye ekografi mara moja mbele ya wiki 24. Ukienda mapema sana, kwa wiki ya 4, pengine hakuna kitu kitakachoonekana. Usilie, rudi siku munganga aliyokuambia.

Lakini mama mwenye mimba changa akitoka damu, akiumwa tumbo upande mmoja ao akizimia, asingoje bwana arudi na pesa. Pengine mimba imeshika nje ya tumbo la uzazi, na hiyo inaua. Apelekwe hospitali siku ile ile.

Mezali 18:13 inatufundisha kwamba kujibu mbele ya kusikia ni upumbavu na haya. Bwana, usiisome karatasi peke yako. Shika mkono wa bibi yako, mwende pamoja kwa munganga, mumuulize. Na ninyi vijana mnaojitayarisha kuoa, mshike hesabu hii tangu leo.

Mungu abariki nyumba zenu.